Kisa cha Ng'ombe Aliyetafutwa Kapseret

Nilikuwa nimeandika kadi sitini na tatu, na bado sikujua mfumo wetu ungefanya nini hasa. Kadi zenyewe zilikuwa za manjano, ukubwa wa kiganja, zimebandikwa kwenye ukuta wa ofisi yetu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mazulia katikati ya mji wa Eldoret. Kila kadi ilikuwa na sentensi moja ya umbo lile lile. Kama mkulima, nataka kuomba daktari wa mbegu kwa simu, ili nisitembee hadi ofisini. Kama daktari wa mbegu, nataka kuona maombi yangu mahali pamoja, ili nipange safari. Kama mwenyekiti, nataka ripoti ya kila mwezi. Ukisoma moja unaelewa. Ukirudi nyuma hatua chache uangalie ukuta mzima, unabaki kujikuna kichwa.

Kazi yangu ni kuuliza watu wanataka kompyuta iwafanyie nini, kisha kuwaandikia wale wanaotengeneza programu. Nilikuja Eldoret kutoka upande wa ziwani kusoma chuo, nikabaki. Mama yangu nyumbani huwaambia majirani kwamba mimi hutengeneza kompyuta zilizoharibika, na nimeacha kumrekebisha, kwa sababu kila nikijaribu kumweleza, mimi mwenyewe huishia njiani.

Wateja wetu safari hiyo walikuwa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ofisi yao iko mahali paitwapo Ziwa, kaskazini mwa mji, lakini walikuwa wameanza kuandikisha wanachama hadi Kapseret, kule chini karibu na uwanja wa ndege. Walitaka mfumo wa kuwaita madaktari wa mbegu. Hao si madaktari hasa. Ni watu waliofunzwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa ndani ya mtungi wa baridi kali, na huzunguka na mitungi hiyo kwa pikipiki. Ng'ombe akiingia joto, saa ni chache. Ukichelewa, unasubiri wiki tatu nyingine. Hayo niliambiwa siku ya kwanza na nikayaandika. Kuyaandika na kuyaelewa ni vitu viwili, kama nilivyokuja kuona.

Bosi wetu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa. Alikuwa amefanya kazi Nairobi, akarudi na hamu ya kufanya mambo haraka, na zile kadi zilikuwa wazo lake. Katika mkutano wa kwanza nilimwambia, "Si tuandike use case kwanza, hata chache?"

Alicheka, si kwa ubaya. "Madam, hiyo ni vitu ya zamani. Nani atasoma document ya kurasa hamsini?"

Nilichukua kadi nikaanza kuandika. Chuoni tulifundishwa use case na mhadhiri mmoja mama aliyependa kuandika ubao mzima. Pembeni mwa daftari langu nilikuwa nimeviita visa vya matumizi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa: unaandika nani anataka nini, anafanya hatua gani, kompyuta inamjibu nini, hadi apate alichokitaka. Halafu unarudi kwenye kila hatua na kuuliza, na hapa mambo yakienda kombo, itakuwaje? Tulinakili, tukafanya mtihani, tukapita. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu alihangaika kubuni kitu hicho.

Basi tukatengeneza mfumo kutoka kwa kadi. Mkulima anafungua programu kwenye simu, anabonyeza kitufe cha kuomba daktari, simu inajua yuko wapi, ombi linamwendea daktari aliye karibu. Daktari akifika anabonyeza "Nimefika." Tulijaribu kila kadi, na kila iliyopita tuliitia alama ya kijani. Siku tuliyotia alama kwenye ya mwisho, bosi alituagizia chapati na maharagwe ya watu wote, tukala tukiangalia ukuta wa kijani. Nilikula kama wengine. Lakini nakumbuka nikiwa na hisia kama ya mtu aliyetoka nyumbani na hakumbuki kama alizima jiko.

Wiki ya pili baada ya mfumo kuanza, mwenyekiti wa ushirika alinipigia asubuhi. "Madam, njoo Ziwa. Kuna Mzee hapa amekataa kuondoka."

Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, kofia magotini, fimbo imelazwa juu ya kofia. Alikuwa mtu mrefu mwenye buti za mpira zilizokaukiwa na matope. Hakuwa amepandisha sauti. Ingekuwa afadhali kama angepandisha.

"Wewe ndiye madam wa kompyuta?"

"Ndio, Mzee. Shikamoo," nilisema, salamu ambayo huku bara huitumii sana, lakini ndiyo iliyonitoka kwa hofu.

"Ng'ombe yangu iliingia joto Jumanne asubuhi," alisema. "Mwezi uliopita ilikuwa mvua, daktari akashindwa kupita. Nikasema sawa, mvua ni ya Mungu. Hii ya Jumanne ni ya nani?"

"Hakuna mtu alikuja, Mzee?"

"Nimesimama kwa geti mpaka giza."

Niliingia ndani, nikafungua kompyuta yangu na kutafuta ombi lake. Lilikuwepo. Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, ombi limepokelewa. Saa mbili na dakika thelathini na moja, daktari amepewa. Saa nne kasorobo, daktari amefika. Yote ya kijani. Niliangalia skrini, nikaangalia dirishani mgongo wa Mzee, nikaangalia skrini tena. Mmoja kati yao alikuwa anadanganya, na aibu yangu ni kwamba wa kwanza kumshuku alikuwa Mzee. Labda amesahau. Labda daktari alikuja yeye akiwa shambani. Wa pili kumshuku alikuwa daktari. Mfumo sikuushuku hata kidogo. Ningeushuku vipi wakati kadi zote zilipita?

Nilimpigia daktari. Alikuwa wa upande wa Kapseret, na Mzee ni wa Ziwa, jambo ambalo lilipaswa kunishtua na halikunishtua.

"Mimi nilifika, madam," alisema. Nyuma yake nilisikia pikipiki ikinguruma. "Nilizunguka hapo karibu na uwanja wa ndege nusu saa nzima. Nikauliza ng'ombe ya Mzee iko wapi. Watu wakaniambia hakuna Mzee wa jina hilo hapa. Nikaenda hadi kwa kinyozi, nikauliza. Wakanicheka."

"Sasa kwa nini ulibonyeza umefika?"

"Si nilikuwa nimefika?" Hakuwa akinifanyia mzaha. "Simu ilisema nifike hapo, nikafika hapo. Kuna mahali pa kusema nimefika na hakuna ng'ombe?"

Hapakuwa na mahali. Nilimwambia nitampigia tena.

Ilinichukua muda kukusanya vipande. Mzee ana simu ndogo ya vitufe, ile inayoitwa kabambe, isiyoweza kuingia programu yetu. Jumanne asubuhi alimpigia mama wa simu pale ofisini kama alivyozoea, na mama huyo akamwambia kwa masikitiko kwamba siku hizi maombi hayapokelewi kwa sauti. Sisi ndio tuliomwagiza aseme hivyo. Mzee akampigia mwanawe, ambaye ana simu kubwa na hufanya kazi Kapseret. Mwana akafungua programu, akabonyeza kitufe. Simu yake ikajua alipo. Ombi la ng'ombe wa Ziwa likaenda kwa daktari wa Kapseret, kilomita nyingi upande wa pili wa mji, na ng'ombe akatafutwa kwa kinyozi.

Niliporudi nje kumweleza Mzee, nilianza kusema habari za simu na mahali, nikajikanyaga. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo kosa ni la kijana wangu?"

"Hapana, Mzee. Ni letu."

"Mlifanya kosa gani?"

Hilo ndilo lililonishinda. Nilitafuta kadi iliyokosewa kichwani mwangu, nikazipitia moja moja, na sikuipata. Kila kadi ilikuwa ya kweli. Nilimwambia, "Sijui bado." Alivaa kofia yake akaenda zake, na ninaamini jibu hilo ndilo pekee alilolikubali siku hiyo.

Mama wa simu nilikuwa nimemhoji miezi mitatu nyuma. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akipokea simu za wafugaji na kuwatuma madaktari. Wakati ule nilimuuliza swali tulilofundishwa kuuliza: "Mama, unataka nini kutoka kwa mfumo?" Akafikiri, akasema, "Sijui. Nataka tu simu ziingie." Niliandika kadi moja, nikamshukuru, nikaondoka. Sasa mfumo ulikuwa umemwondoa kwenye simu, na alikuwa amewekwa pembeni kuandikisha wanachama wapya.

Nilivuta kiti nikakaa karibu na meza yake. Hakuniangalia.

"Umekuja kuuliza sasa?" alisema.

"Nimekuja, Mama. Sielewi kitu."

Labda ni kule kusema sielewi kulikomlainisha. Alivua miwani akaifuta kwa shati. Nami sikumuuliza anataka nini. Nilimwambia, "Kumbuka simu moja tu. Ya mtu yeyote. Nieleze kuanzia simu ilipolia hadi daktari alipomaliza."

"Simu inalia," alisema, kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea. "Ninashika. Ninauliza ni nani, na ng'ombe ni ya nani."

"Si ni kitu kimoja?"

"Hapana. Anayepiga anaweza kuwa bibi, jirani, mtoto ako shule ya bweni amepigiwa na nyanya yake. Ninauliza ng'ombe iko wapi. Sitaki kujua wewe uko wapi."

Niliandika hatua ya kwanza, hatua ya pili.

"Halafu ninauliza, joto lilianza lini? Kama ni asubuhi, daktari aende jioni. Kama ni jioni, aende kesho asubuhi. Mtu akiniambia ameona sasa hivi, simtumi daktari sasa hivi. Atapandisha bure."

"Lakini sisi tunamtuma mara moja."

"Najua," alisema.

"Na mtu akisema hajui lilianza lini?"

"Inategemea. Ninamuuliza, ng'ombe wengine wakimpanda anasimama ama anakimbia? Kama anakimbia, bado. Ninamwambia anipigie saa nane. Asipopiga, ninampigia mimi."

Siku ya kwanza iliisha tukiwa bado kwenye simu moja. Nilirudi siku ya pili na ya tatu. Kila aliposema "inategemea" niliuliza inategemea na nini, na yeye akawa anashusha pumzi na kuniambia. Kama daktari wa karibu amemaliza baridi kwenye mtungi wake, mtume nani. Kama barabara ya upande fulani imekatika, daktari aje kwa njia gani. Kama ng'ombe yule yule amepandishwa mara tatu na bado anarudi joto, basi usimtume mtu wa mbegu tena, mtume daktari wa mifugo mwenyewe, kwa sababu ng'ombe huyo ana shida nyingine. Kama mkulima anataka mbegu ya aina fulani na haipo. Kama daktari amefika na ng'ombe hayupo. Hilo nalo lilikuwa limetokea miaka iliyopita, na alikuwa na utaratibu wake.

Nikiwa nachora mistari na namba, 3a, 3b, 4a, niliona nimeandika kile kile nilichonakili ubaoni chuoni. Mhusika, lengo, hatua za njia kuu, na kando ya kila hatua vile inavyoweza kwenda kombo. Sikuwa nimekusudia. Ni maneno ya mama huyu ndiyo yaliyojipanga hivyo. Sikufurahi kama mtu aliyegundua kitu, nilichanganyikiwa zaidi. Mbona mambo haya yote yalikuwepo tangu mwanzo, hatua mbili kutoka kwa kiti nilichokalia nikimhoji, na niliondoka na kadi moja?

Kulikuwa na mahali pamoja nilipokwama kabisa. Juu ya ukurasa unapaswa kuandika mhusika mkuu, yule ambaye kisa ni chake. Niliandika "mkulima," nikafuta. Mkulima hana simu inayofaa. Niliandika "anayepiga," nikafuta, kwa sababu anayepiga anaweza kuwa mtoto wa shule ambaye hajali. Niliandika "mama wa simu." Nikaacha hapo, lakini bila kuamini, kwa sababu bosi alikuwa ameahidi ushirika kwamba mfumo utafanya kazi bila mtu wa katikati.

Mama alikuwa akisoma daftari langu kichwa chini, kutoka upande wake wa meza.

"Sasa ukimaliza kuandika haya yote," aliuliza, "mimi nitafanya nini?"

Sikuwa nimelifikiria. Kadiri nilivyoandika vizuri, ndivyo nilivyokuwa nikimtoa kazi yake kichwani na kuiweka kwenye karatasi ambayo mtu yeyote angeweza kuichukua. Yeye aliliona hilo kabla yangu, na bado alikuwa amenieleza kwa siku tatu.

"Sijui, Mama," nilisema.

"Haya. Andika," alisema. "Ng'ombe haina makosa."

Jioni hiyo, nikijiandaa kuondoka, nilimwona akisimama mbele ya kalenda ya ukutani. Ilikuwa imejaa miduara ya kalamu nyekundu na ya buluu. Siku zote nilidhani ni mambo yake mwenyewe, mikutano ya kanisa labda, au chama cha akina mama. Alihesabu kwa kidole kutoka Jumanne ile, akachora mduara mwekundu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya Mzee wako. Ng'ombe yake itarudi hapa, siku moja mbele ama nyuma. Nitampigia aanze kuangalia."

"Anakuomba umpigie?"

"Nani?"

"Mzee. Anaomba?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama nina homa. "Ataomba aje na yeye hahesabu? Mimi ndio nahesabu."

Nilirudi kukaa. Hilo halikuwa kwenye kadi yoyote kati ya sitini na tatu, na halingeweza kuwepo, kwa sababu hakuna aliyelitaka. Nilikuwa nimewauliza wakulima kadhaa wanataka nini, na hakuna hata mmoja aliyesema anataka kukumbushwa, kwa kuwa kila mmoja alidhani mama huyu hupiga tu kumjulia hali. Nilifungua ukurasa mpya. Kisa cha pili. Mahali pa mhusika niliandika "kalenda," na sikujua kama hiyo inaruhusiwa.

Jumatatu nilipeleka kurasa kumi na moja kwa bosi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nimepanga maneno tangu nilipoamka. Alianza kusoma amesimama, mkono mmoja kwenye mlango, kama mtu anayetaka kuondoka. Alipofika ukurasa wa pili alikaa.

"Huyu daktari wa Kapseret," alisema, akizuia kicheko. "Kinyozi alimwambia nini?"

"Bosi."

"Ni sawa, ni sawa." Aligeuza ukurasa. "Lakini client anataka mfumo, hataki mtu wa simu. Hii yako imerudisha mtu."

"Imerudisha ng'ombe," nilisema. Sikujua nilimaanisha nini, na hakuniuliza.

Tulibishana kwa siku mbili. Yeye hakuwa mjinga, na baadhi ya aliyoyasema yalikuwa kweli: kwamba kurasa zikizidi hazisomwi, kwamba kadi zinasaidia kugawa kazi. Tukakubaliana kadi zibaki, lakini kila kadi iandikwe ni ya hatua gani ya kisa gani. Tulipofanya hivyo, kadi kumi na tisa zilikosa kwao. Hazikuwa na hatua. Tulizishika mikononi tukaulizana ni nani aliyeziomba, na mwandiko kwenye zote ulikuwa wangu.

Kijana mmoja wa programu, ambaye kwa kawaida haongei, alisoma kurasa zile akiwa na uji mkononi, akaja mezani kwangu. "Madam, hapa 2a. Kama mtu ako na ng'ombe mbili na zote ziko kwa joto siku moja, anapiga mara mbili?" Sikujua. Nilimpigia mama wa simu, akajibu bila hata kufikiri, nikaandika 2b. Katika miezi yote ya kadi, kijana huyo hakuwa ameniuliza swali hata moja.

Mfumo ulijengwa upya kwa wiki kadhaa. Simu zikarudi kulia mezani pa mama, na mbele yake kukawa na skrini inayomwonyesha hatua, madaktari waliko, na mitungi yenye baridi. Miduara ya kalenda ikaingia ndani ya kompyuta, ingawa aliendelea kuchora ya ukutani pia. Mwenyekiti alinung'unika kwa sababu aliahidiwa kitu kingine. Sikumlaumu.

Siku ya mduara mwekundu wa Mzee, mama alinipigia mchana nikiwa mjini. "Imesimama," alisema, akakata simu. Nilikuwa kwenye foleni ya benki. Yule aliyekuwa mbele yangu aligeuka kuniangalia, na nadhani nilikuwa nimesema kitu kwa sauti. Ng'ombe alipandishwa jioni ile. Wiki tatu baadaye hakurudi joto, na mwaka uliofuata akazaa ndama jike. Mzee alileta habari hizo ofisini Ziwa, akaacha ujumbe kwamba madam wa kompyuta aambiwe. Kama ilikuwa shukrani au onyo, mama alisema hakuelewa, nami pia sikuelewa.

Mfumo wetu haukuishi sana. Ushirika ulikua, wakabadilisha viongozi, na mwaka huu wakachukua mfumo mwingine kutoka kampuni ya Nairobi, mzuri kuliko wetu, siwezi kukataa. Nilienda Ziwa kukabidhi funguo za mwisho na kuzima kompyuta yetu. Mama wa simu alikuwa amestaafu na kwenda kukaa na binti yake. Mezani pake nilimkuta mwanamke kijana, na kando ya skrini mpya, ndani ya faili ya plastiki, kulikuwa na kurasa zangu kumi na moja. Zilikuwa nakala ya nakala, zimefifia, zimejaa kalamu. Kulikuwa na 4d, 4e na 4f ambazo sikuziandika mimi. Moja ilisema: *Anayepiga akilia, usimuulize maswali. Uliza mahali tu, tuma mtu.*

"Wale wa Nairobi walisoma hizi kwanza," aliniambia. "Walikaa nazo wiki nzima. Mimi nilifundishwa nazo kazi." Halafu akafungua ukurasa wa nne. "Lakini kuna hatua moja nimekuwa nikitaka kuuliza mtu. Hii ya sita. *Uliza kama ng'ombe amekunywa maji.* Ni ya nini?"

Nilisoma. Ilikuwa ya taipu, kwa hiyo ilikuwa yangu. Nilijaribu kukumbuka na sikukumbuka chochote.

"Wewe huwa unauliza?"

"Kila mtu. Wengine siku hizi wanampa kwanza ndio wapige. Hata hapa iko." Alinionyesha kwenye skrini mpya ya watu wa Nairobi. Kulikuwa na kisanduku: *Ng'ombe amekunywa maji? Ndiyo. Hapana.* Ukibonyeza hapana, haikuruhusu kuendelea.

Tulimpigia mama kwa simu ya ofisi, tukaweka sauti juu. Alifurahi kutusikia, akauliza habari za kila mtu, za mvua, za barabara. Nilimsomea hatua ya sita.

"Maji?" alisema. "Mimi sikusema hivyo."

"Nimeiandika hapa, Mama. Baada ya kuuliza joto lilianza lini."

Nilimsikia binti yake akiongea nyuma, na sufuria. Halafu akaanza kucheka, cheko la taratibu lililoendelea kupanda.

"Msichana wangu," alisema, "si nilikuwa nikiuliza kama wewe umekunywa maji? Ulikuwa umekaa tangu asubuhi ukiandika."

Mwanamke kijana aliangalia faili, akaniangalia mimi, akaangalia skrini. Simu ya pili ikaanza kulia, ile ya wafugaji. Aliishika, akauliza ni nani, ng'ombe ni ya nani, iko wapi, joto lilianza lini. Alipofika hatua ya sita alisita, akanitazama, kisha akatazama kisanduku kwenye skrini. Akauliza kama ng'ombe amekunywa maji. Mtu upande wa pili akasema ndio, amekunywa, na skrini ikaendelea.